Rimiksi Yenye Jina la Demetria

Projestus alikuwa mtu mwenye akili zake timamu isipokuwa kwa jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa wimbo. "Nitakungoja Stendi." Wimbo wa miaka ile kaseti zikiwa zinakufa na CD zinaanza kutamba, ulioimbwa na kijana mmoja wa Keko aliyejiita Sele Marashi. Aliimba huo mmoja tu, akapotea. Ukiupiga leo mbele ya vijana wa Mbagala watakucheka mpaka washike mbavu. Kinanda chake kinalia kama kigari cha aiskrimu, Sele mwenyewe analia kuliko anavyoimba, na kiitikio kinarudiwa mpaka unamwonea huruma huyo dada anayengojewa. Wa kishamba huo, wanasema, umepitwa na wakati. Projestus hakujali. Ndio wimbo aliomchumbia nao Demetria, akimwimbia kwa sauti yake mbovu mpaka binti wa watu akakubali kuolewa, na mtu akishapata mke kwa wimbo, we acha tu, utamwambia nini?

Sasa kuupenda tu kungekuwa na nafuu. Yeye akaanza kuzitafuta rimiksi zake. Na usidhani ni chache, maana hapa Dar wimbo haufi, unabadilishwa nguo tu. Alikuwa na ile ya singeli iliyotengenezwa Manzese, inakimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Alikuwa na ya matarumbeta ya harusi. Alikuwa na ya kwaya moja ya Tandika, ambamo anayengojewa stendi si dada tena, ni Masiha. Lakini iliyokuwa mboni ya jicho lake ni ya dawa ya panya. Machinga mmoja wa Manzese alikuwaga anapita vichochoroni na spika begani, amejirekodi mwenyewe kwa tuni ileile: panya, nitakungoja darini, panya, nitakungoja. Projestus, karani mzima wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na shati lake la kuchomekea, alimfuata mbio machinga yule kutoka Midizini hadi kituo cha Argentina, hukohuko Manzese, huku anarekodi kwa simu. Machinga akadhani ni mgambo, akatimua mbio. Ndiyo maana mwisho wa rekodi ile kuna mtu anahema na mwingine anapiga kelele "Jamani mie nina kibali!"

Hiyo hakuna mwingine aliyekuwa nayo duniani.

Wagonjwa wenzake walikuwa na kundi la WhatsApp, wachache tu, wasingejaza hata gari moja la Noah. Na ndani ya kundi hilo alikuwemo Raza. Raza Abdulhussein, mwenye duka la spika na feni pale Tandika, mtu mpole, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na sauti ya chini, na mwenye bahati ya kukasirisha. Projestus akihangaika wiki nzima kutafuta rimiksi, Raza anaikuta imo ndani ya redio mbovu iliyoletwa dukani kutengenezwa. Projestus alimwonea wivu, tena wa wazi, na wala hakuona haya. Mkewe alikuwa anamcheka. "Baba Koku, we na huyo Mhindi wako mngekuwa wanawake ningesema mnagombea bwana mmoja."

Basi Ijumaa moja, jua linaelekea kuzama, Raza akaweka ujumbe wa sauti kundini. "Wazee wa stendi, salaam aleikum. DJ Erasmus wa Zakhem mnamkumbuka? Amefunga kazi, kaenda Tunduru kwenye madini, simu haipatikani. Vyombo vyake vyote kaniuzia mie. Sasa kwenye boksi la CD nimekuta kitu. Hiki hakuna mwenye nacho. Nawawekea mwanzo tu, msikie wenyewe."

Projestus akaweka simu sikioni. Kinanda kilekile, lakini taratibu, kimepunguzwa mwendo kama mtu anayevuta miguu. Chini yake ngoma, ngoma ya ukweli, ya kupigwa kwa mikono. Kisha sauti nzito ya kiume, ya mtu anayetabasamu: "Elfu mbili na kumi, Mbagala. Demetria, mtoto wa Bukoba! Huu wako peke yako, na siri yako itabaki humu humu ndani." Halafu ikakatika.

Aliirudia. Akairudia tena. Elfu mbili na kumi ndio mwaka aliomuoa. Na Demetria wa Bukoba aliyekuwa akiishi Mbagala mwaka huo yeye alimjua mmoja tu, na wakati ule alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi za usiku.

Hapo ndipo wivu ulipomwingia, na huu haukuwa ule wa kuonea watu CD. Mtu mwingine! Mtu mwingine amwimbie mchumba wake, mwaka uleule wa mahari na matangazo kanisani, tena kwa wimbo wake yeye! Kama jamaa angetumia wimbo mwingine wowote pengine angemeza mate, akanyamaza. Lakini huu! Ni sawa na mtu akuibie mke kwa kuvaa shati lako.

Akatoka uani. "Mama Koku, unamjua DJ Erasmus?"

Demetria akacheka. "Erasmus wa Zakhem? Mungu wangu, yupo yule? Alikuwaga na miwani ya jua hata ndani ya ukumbi."

Projestus hakucheka. Akamchezea ile rekodi. Kisu kikasimama katikati ya ganda la ndizi, na yule mwanamke aliyekuwa anacheka sasa hivi hakuwepo tena.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Nakuuliza wewe. Nani huyu, na siri gani?"

"Baba Koku, hayo yaache. Hayo hayaulizwi."

"Hayaulizwi na nani?"

"Na wewe," akasema Demetria, kisha akaendelea kumenya, na ndizi hiyo aliimenya vibaya, nusu ya nyama ikaondoka na ganda.

Loo! Angesema neno moja tu, mambo yangeishia palepale. Lakini Demetria ana tabia yake: akishaapa kutunza jambo, hata umchome moto atakuangalia tu. Na Projestus naye ana tabia yake, ya kwamba akinyimwa jibu moja anajitengenezea kumi.

Jibu la kwanza alilojitengenezea lilikuwa na jina: Gibson. Mwalimu Gibson, Mnyakyusa mrefu mwenye kifua, anayefundisha shule moja na Demetria na kupiga kinanda kwaya ya parokia. Kinanda! Projestus akakaa kitandani akishangaa alivyokuwa mjinga miaka yote hiyo. Nani alimleta Demetria nyumbani kwa pikipiki siku ya mvua kubwa? Gibson. Nani alimchekesha kwenye mahafali mpaka akamwaga soda? Gibson. Akayakusanya yote, hata yale ambayo yalipotokea yeye mwenyewe alikuwepo na alicheka. Aligeuka huku, akageuka kule, na pembeni yake Demetria naye hakulala, maana aliyelala hapumui vile.

Jumapili baada ya misa ya pili akamvizia Gibson nje ya kanisa, pale akina mama wanapouza vitumbua.

"Mwalimu, hebu sema 'humu humu ndani.'"

"Nini?"

"Sema tu. 'Siri yako itabaki humu humu ndani.' Kwa sauti nzito."

Gibson akamtazama, akatazama vitumbua, akadhani ni mchezo wa kwenye simu. "Siri yako itabaki humu humu ndani," akasema, na sauti yake ikatoka nyembamba, ya puani, ya mtu anayeimba tenori ya kwanza. Haikufanana hata kidogo. Mwenye akili angeomba radhi, akanunua vitumbua, akaenda zake. Lakini wivu haukosi wakili. Sauti si hubadilika? Miaka mingi imepita, na mafua je? Projestus akaondoka bila kuaga, na akina mama wa vitumbua wakabaki wanaulizana yule baba ana nini.

Jumatatu Gibson akaisimulia ofisini kwa walimu, kwa nia njema kabisa, akiiga na mikono. Walimu wakacheka. Demetria alikuwa amekaa palepale na daftari za kusahihisha.

Alirudi nyumbani mdomo umekauka. Hakusalimia. "Umenivua nguo kazini kwangu, Projestus." Alimwita kwa jina, kitu ambacho hakukifanya tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe. "Mbele ya mwalimu mkuu. Mbele ya wale wasichana wa mazoezi ya ualimu. Sasa wananitazama kama changudoa."

"Basi niambie ni nani."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi kwa sababu niliapa, tena hatukuapa kwa sababu ya mwanaume. Na hata ningeweza, sasa hivi sitaki. Umeridhika?"

"Nawaita wasimamizi," akasema Projestus.

Kwa watu wao hilo si neno dogo. Wasimamizi ni wale mke na mume waliosimama nanyi altareni, wakaweka sahihi, na ndoa ikiyumba ndio wa kwanza kuitwa, kabla ya padri na kabla ya wazazi. Ukiwaita umeshakiri kwamba nyumba inavuja. Wao walikuwa hawajawaita hata mara moja.

"Waite," Demetria akasema. Kisha hasira ikamtoka usoni, akaja karibu, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Waite, tutaongea. Lakini hiyo CD usiiguse. Nakuomba. Sijakuomba kitu kikubwa tangu unioe. Hiki nakuomba, Baba Koku, usiisikilize."

Mtu mwingine angelainika. Projestus alisikia jambo moja tu, kwamba mkewe anaogopa.

Kesho yake alitoroka kazini saa sita, akaenda Tandika. Raza alikuwa dukani peke yake, anafuta vumbi kwenye feni. Akampa kiti, akaagiza chai ya tangawizi. Projestus hakuigusa.

"Naitaka ile CD."

"Nilijua utakuja," Raza akasema. "Ni jina la shemeji lile, ama?"

"Ni jina la watu wengi."

"Sawa." Raza akakunja kitambaa chake. Alikuwa mpole, ndiyo, lakini mkusanyaji ni mkusanyaji. "Mimi siuzi. Nabadilisha. Unipe ya dawa ya panya. Na uifute kwako, ibaki yangu peke yangu."

Ilikuwa dai la kikatili na wote wawili walilijua. Miezi kadhaa nyuma Projestus angemtukana matusi ya Kihaya na ya Kiswahili. Sasa alitoa simu palepale, akamtumia, akaifuta, akamgeuzia kioo aone. Haikumuuma. Raza ndiye aliyeshtuka, akabaki ameshika simu yake kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi.

"Bwana Proje, ngoja. Hukunielewa. Nilidhani utakataa, halafu tungeongea." Akaenda nyuma, akarudi na CD ndani ya bahasha ya kaki, lakini hakumpa bado. "Sikiliza. Mimi hii sikuimaliza. Niliweka mwanzo kundini kabla sijasikia mbele, na hilo ni kosa langu, nimeshafuta. Nilipofika katikati nikazima. Mimi nina mke, nina dada. Humu mna maneno si ya kwangu, na sidhani kama ni ya kwako. Ukitaka, mashine ipo nyuma, nitatoka nje nikuachie duka, usikie peke yako. Au bora zaidi, mpelekee shemeji mkononi, aivunje mwenyewe."

Huo ulikuwa ushauri wa dhahabu, na Projestus aliusikia kama tusi. Kwa hiyo Raza amesikia! Mwanaume mwingine ameshajua siri ya mkewe, amekaa nayo hapa dukani kati ya mafeni, na sasa anamhurumia! Wivu ukapata ndugu yake, aibu, wakashikana mikono.

"Peke yangu halafu akanushe?" akasema. "Itasikika mbele ya mashahidi." Akaichukua ile bahasha, akatoka, na chai ikapoa.

Kuna jambo dogo jingine la kulieleza: nyumbani kwake hapakuwa na kitu cha kuchezea CD. Nyumba ngapi siku hizi zinacho? Lakini msimamizi wao, mzee Theonest wa Temeke, mstaafu wa reli, alikuwa na redio kubwa ya zamani yenye deki ya CD, inayofunikwa kitambaa cha kufuma na mkewe Anastasia. Kwa hiyo ikawa hivyo, kikao na redio mahali pamoja. Projestus aliona hata Mungu yuko upande wake.

Jumamosi, baada ya sala za jumuiya, wakafika. Demetria alivaa kitenge chake kizuri, kile cha kwenda nacho kwenye misiba ya watu wa heshima. Walipoingia Projestus akatoa shikamoo mbili, kwa Theonest na kwa Anastasia, akaitikiwa, na Anastasia akamkumbatia Demetria muda mrefu kuliko kawaida.

"Haya," Theonest akasema walipoketi. "Mmetuita, tupo. Anza wewe, bwana."

Projestus akaeleza. Alijitayarisha, akaongea vizuri, kikarani karani: mwaka, mahali, jina, sauti ya mwanaume, maneno yaliyosemwa. Theonest alikuwa akitikisa kichwa kwa masikitiko. Anastasia alikuwa akimtazama Projestus kwa jicho ambalo hakulielewa.

"DJ Erasmus ulisema?" mama yule akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na CD unayo?"

"Ninayo." Akaitoa.

Anastasia akasimama. Mama wa miaka yake, mwenye magoti mabovu, alisimama kama msichana. "Mwanangu, nisikilize vizuri. Ukimchunguza sana bata, hutamla. Nipe mimi hiyo. Nakuapia kwa jina la marehemu mama yangu, humo hamna mwanaume wa mke wako. Mimi nilikuwepo. Nipe, muende nyumbani mkale."

"Ulikuwepo?" Projestus akapaza sauti. "Kumbe hata wewe unajua! Kila mtu anajua! Mhindi anajua, msimamizi anajua, mimi tu ndiye..." Ukweli alitaka kulia. "Mimi tu ndiye mume."

"Theo, mkataze," Anastasia akasema.

Lakini Theonest, mzee wa watu, hakujua chochote, na moyo wake ulikuwa kwa mwanaume mwenzake. "Kama hamna kitu, mama, si tusikie tu yaishe?"

Anastasia akaielekea redio. Projestus akawahi, akasimama mbele yake, kitambaa cha kufuma akakitupa pembeni. Na hapo Demetria akasema bila kunyanyua macho, "Mwacheni. Mwacheni asikie."

CD ikazunguka. Kinanda, taratibu. Ngoma. Ile sauti nzito: siri yako itabaki humu humu ndani. Na baada yake, pale Raza alipokuwa amekata, vikapasuka vigelegele. Vigelegele vya wanawake wengi, ukumbi mzima, na wanawake wakaimba kiitikio chote, kwa furaha, kwa fujo, wakitia jina la Demetria kila pale Sele Marashi alipomtaja yule dada anayengojewa. Kisha sauti moja ikapanda juu ya nyingine zote, sauti ya Anastasia, changa zaidi.

"DJ, geuka ukutani! Geuka! Humu mwanaume ni wewe tu, na masikio yako leo hayapo!" Kicheko. "Haya, mwali wetu. Kiti hicho tumekikalia wote, na wote tumesema. Kinachosemwa kichen pati hakitoki kwenye mlango ule, tumekula kiapo. Tumekuwekea na wimbo wa bwana wako. Sasa sema na wewe. Wanaume wamejaa Dar es Salaam, kwa nini huyu?"

Kichen pati. Shughuli ya wanawake watupu ya kumfunda bi harusi, ambayo yeye mwenyewe aliichangia, na siku hiyo akafukuzwa ukumbini akaenda kucheza drafti; kumbe DJ Erasmus aliirekodi yote. Akanyoosha mkono kuzima. Akakosa kitufe, au labda bado alitaka kusikia. Mtu mwenye wivu hashibi hata akishajua.

Sauti ya Demetria ikatoka redioni, ya msichana.

"Wimbo wake wenyewe siupendi." Wanawake wakacheka sana, wakampigia makofi. Akangoja watulie. "Siupendi hata kidogo. Nitasema ukweli kwa sababu mmeapa. Kabla ya huyu nilikuwa na mtu, kwetu Bukoba. Nikabeba mimba. Akanikana. Mtoto nilimzaa, akaishi siku chache, nikamzika mimi na shangazi yangu tu, maana baba alishanifukuza. Ndipo nikaja huku."

Sebuleni, mzee Theonest alikuwa ameinamisha kichwa, amefunika macho kwa kiganja, kana kwamba mwanamke amekaa mbele yake bila nguo.

"Wanaume waliokuja baada ya hapo, wote waliniuliza. Ulikuwa na nani, ulikuwa wapi, mbona hivi, mbona vile. Mwingine alinipekua mkoba. Huyu najua ameambiwa. Binamu yangu alimwambia yote, akanijia na kujisifu kwamba amemwambia. Nikangoja aniulize. Nimengoja mwaka mzima. Anakuja, ananiimbia huo wimbo wake mbaya, anaondoka. Hajaniuliza. Basi nikasema moyoni, Demetria, olewa na huyu. Huyu hatakuuliza kamwe."

Mwanamke mmoja redioni alikuwa analia. Vigelegele vikaanza tena, vya taratibu kwanza, halafu ngoma zikaingia, halafu CD ikakwama mahali palepale, ikawa inarudia mlio mmoja. Anastasia akaenda, akaizima.

Projestus alikuwa bado amesimama mbele ya redio. Ni kweli, binamu alimwambia. Aliambiwa pale kwenye baa ya Zakhem, akaja nyumbani, akakaa na neno lile kifuani. Na hakuuliza si kwa sababu ya ukubwa wa moyo. Aliogopa. Aliogopa kwamba akiuliza, atamkosa. Miaka yote hii mwanamke yule alikuwa amemhesabia woga wake kuwa wema, na wema huo ndio alioujengea nyumba. Ile nyumba ilikuwa imara kabisa mpaka Ijumaa ile ya ujumbe wa Raza.

"Mama Koku," akasema. "Demetria. Nisamehe."

Demetria akasimama, akanyoosha kitenge chake. Hakuwa analia. Akatoa ile CD redioni, akaitia mkobani mwake. Kisha akamgeukia mume wake kwa adabu kabisa, adabu ambayo hajawahi kumwonyesha, ile tunayowapa askari na makarani wa serikali.

"Wasimamizi wapo," akasema. "Umekuja kuuliza. Uliza."

Projestus akaokota kile kitambaa cha kufuma, akaifunika redio.

Watu wa Mbagala watakwambia wale wawili hawakuachana, na ni kweli. Wanaishi, watoto wanasoma, Jumapili wanakaa benchi moja kanisani. Demetria hakununa, hakurudi kwao, hakuhamisha mto. Ila siku hizi akirudi nyumbani, kabla hajavua viatu, anasimama pale mlangoni na kutoa maelezo. Leo nimetoka shuleni saa tisa. Nimepita Rangi Tatu, nimenunua dagaa kwa mama Anwar. Nimekutana na mwalimu Gibson, tumeongea habari za mitihani. Kisha nimekuja moja kwa moja.

"Sijakuuliza, Mama Koku," Projestus anamwambia. Kila siku anamwambia. Siku nyingine anamsihi.

"Najua," anasema Demetria, kisha anaendelea pale alipoishia.